Watoto wa Jaruba Moja

Kazi yangu ni kanzidata. Kila mtu apate mstari wake kwenye jedwali, kila mstari uwe na namba yake, na namba isijirudie. Katika jedwali safi, mstari wa kwanza haumjui wa pili.

Takwimu nilianza kujifunza ukubwani, usiku, baada ya kazi, hapa Mwanza mjini. Vitabu vilinisinzisha: kete, sarafu, mipira myekundu ndani ya chungu. Nani anachota mipira kwenye chungu? Kilichoniamsha ni utafiti uliofanyika nyumbani kwetu, Misungwi. Januari 2019 watafiti, wakiwemo wa taasisi yetu ya NIMR, waligawa vyandarua 147,230 ili kulinganisha aina tatu mpya na kile cha kawaida. Cha kawaida hutiwa pairethroidi, dawa ya kiwandani iliyo binamu wa pareto inayolimwa Iringa na Mbeya. Mbu wetu walikwisha kuizoea.

Hawakupiga kura ya mtoto mmoja mmoja. Waligawa vijiji katika maeneo 84, kila aina ya chandarua ikapata 21. Hapo nilisoma polepole. Watoto wanaokaa kando ya jaruba moja la mpunga wanaumwa na mbu wale wale, kwa hiyo ugonjwa wao unafanana. Ukiwapima ishirini wa kitongoji kimoja, unajifunza machache kuliko ukiwapima ishirini waliotawanyika wilaya nzima. Na mbu akifia kwenye chandarua cha jirani, hafiki kwako. Kwa mtu wa kanzidata, hiyo ni sawa na kuambiwa kwamba mistari inanong'onezana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet. Baada ya miezi 24, penye vyandarua vya kawaida, watoto 549 kati ya 1,199 waliopimwa walikuwa na malaria: asilimia 45.8. Penye vyandarua vilivyoongezwa dawa iitwayo klofenapiri, walikuwa 326 kati ya 1,272: asilimia 25.6. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Nilikwenda na namba hizo kwa shangazi yangu, ambaye eneo lake lilikuwamo. Alimwambia mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akanipa nafasi kwenye mkutano, baada ya ajenda ya choo cha shule na kabla ya ugomvi wa ng'ombe walioingia shambani. Nikaanza na asilimia. Mzee mmoja akanyoosha fimbo.

"Arobaini na tano nukta nane. Huyo nukta nane ni mtoto wa nani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikaziacha asilimia, nikasema: watoto 549. Kicheko kikakatika. Kumbe idadi ya watoto inasikika tofauti, hata kama ni namba ile ile.

Shangazi alisimama, mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa amemaliza dawa ya malaria juzi.

"Mwanangu, sisi tulipewa kipi?"

Wenye nyumba hawakuambiwa, ili matarajio yao yasichafue vipimo. Ukisoma kitabuni, utaratibu huo ni mzuri mno. Kuusema mbele ya mwanamke aliyebeba mtoto ni kazi nyingine. Nilimweleza kwamba kabla ya kupima hakuna aliyejua kipi kitashinda, na kwamba hata cha kawaida ndicho kilichokuwa kikitumika kila mahali.

"Nimeelewa," alisema. "Ila nimekuuliza kipi."

"Sijui, shangazi."

Akakaa. Mwenyekiti akataka kuendelea na ng'ombe, lakini mama mmoja wa upande wa majaruba akauliza kama hao 326 nao walilala kwenye chandarua kizuri. Nikasema walikuwa kwenye maeneo yaliyopewa hicho kizuri. Kwa hiyo kizuri nacho hakimalizi, akasema, akihesabu kwa vidole nyumba za jirani zake ambazo vyandarua vimechanika au vimefunikia vifaranga. Alifika saba. Akaniambia niandike.

Niliandika nyuma ya ratiba ya mkutano: nyumba, hali ya chandarua, watoto wanaolala humo. Halafu akaichukua ile karatasi, akachora mstari kuunganisha nyumba tatu, na pembeni yake akachora jaruba.