Kwa Baisikeli Katika Njia ya Kondoo Huko Hispania

Wazee wetu walisema kwamba njia ya siku zote haina alama. Maana yake ni wazi: mtu aipitaye njia kila siku hana haja ya kuonyeshwa ilipo. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao sisi wakulima twaujua sana. Njia isiyo na alama huliwa na plau kidogo kidogo, msimu huu mfuo mmoja, msimu ujao mfuo wa pili, hata siku moja mwenye ng'ombe hufika akakuta mahindi mahali alipopita babu yake. Ndipo maneno huanza, na mara nyingine hayaishi kwa maneno. Nimepata kuona nchi ambayo watu wake waliipima njia ya wanyama na kuitia alama karne nyingi zilizopita, nayo ingalipo hata leo. Nchi hiyo ni Hispania, nami niliiona nikiwa juu ya baisikeli.

Safari yangu ilianza katika mji wa Segovia, ulio upande wa kaskazini-magharibi ya Madrid, chini ya milima iitwayo Guadarrama. Mji huo na vijiji vilivyo karibu nao vimeinuka kiasi cha mita 1,000 juu ya bahari, na kilele cha Peñalara, kirefu kupita vyote katika milima hiyo, kimefika mita 2,428. Mtu wa Nyeri aweza kudhani kwamba hali ya hewa huko ni kama ya kwao. Sivyo hata kidogo. Nchi hiyo iko mbali sana na ikweta, na wenyeji wa Castilla hupenda kusema kwamba wao wana miezi tisa ya baridi na miezi mitatu ya jahanamu. Nalifika mwezi wa Oktoba. Ngano na shayiri zilikuwa zimevunwa zamani, mashamba yalibaki mabua ya rangi ya simba, na juu ya minara ya makanisa viota vikubwa vya korongo vilikuwa vitupu.

Kila mgeni wa Segovia hutazama kwanza mfereji wa maji uliojengwa na Warumi yapata miaka 1,900 iliyopita. Una matao 167, na mahali palipo juu kabisa hufika mita 28, tena mawe yake yamepangwa bila chokaa wala saruji. Nami niliutazama, nikastaajabu. Lakini utajiri wa mji huu katika karne ya 16 haukutoka kwa Warumi, bali kwa kondoo. Segovia ilikuwa mji wa wafumaji wa nguo za sufu, na sufu hiyo ilitoka kwa kondoo wa merino ambao hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima.

Yafaa nieleze jambo hili vizuri. Wakati wa kipusa milima ya kaskazini hufunikwa na theluji, na nyanda za kusini, katika jimbo la Extremadura, huwa na majani mabichi. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka: kusini hukauka kabisa, na milimani majani huota. Kwa hiyo wachungaji waliwapeleka kondoo kusini kila vuli, na kuwarudisha kaskazini kila majira ya kuchipua, mwendo wa mamia ya kilomita, kiasi cha mwezi mzima njiani. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso X aliwapa wafugaji hati za chama chao kilichoitwa Mesta, na njia zao zikalindwa kwa amri ya mfalme. Njia kuu iliitwa cañada, nayo upana wake uliwekwa kuwa kama mita 75. Zilikuwako na nyingine ndogo, za mita 37 na nusu, na za mita 21 hivi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Hawa hawakusema tu kwamba wanyama watapita huku. Walisema watapita huku, kwa upana huu, na jiwe la mpaka ni hili. Nasi kwetu wapimaji huliita jiwe la namna hiyo bikoni.

Cañada iitwayo Soriana Occidental hupita chini ya milima hiyo, nami niliifuata kutoka karibu na Torrecaballeros. Usidhani ni barabara ya lami. Ni ukanda wa majani mafupi na mawe, una ukuta wa mawe upande huu na ukuta upande ule, na katikati vijia vingi vyembamba vilivyochimbwa na kwato. Baisikeli hutikisika, na mzigo usipofungwa barabara juu ya keria utauokota nyuma. Lakini mwendo wake wafaa sana kwa nchi kama hiyo. Mwenye gari hupita asione. Mwenye baisikeli huona kila birika la kunyweshea wanyama na kila jiwe, tena husalimiwa.

Katika Cabanillas del Monte, karibu na Torrecaballeros, lingalipo jumba kubwa la karne ya 18 lililojengwa kwa kazi moja tu, kukata manyoya ya kondoo. Kundi liliporudi kutoka kusini lilipitia hapo, manyoya yakakatwa, ndipo kondoo wakapanda milimani wakiwa wepesi. Mbele kidogo ni kijiji cha Sotosalbos, chenye kanisa la kale la Mtakatifu Mikaeli. Ubavuni mwa kanisa hilo ipo baraza ya matao ya mawe, na vichwa vya nguzo zake vimechorwa watu na wanyama. Niliketi barazani humo nikala mkate na jibini, maana mchana maduka ya vijijini hufungwa, na msafiri asiyenunua chakula asubuhi hushinda na njaa.

Nilipotoka Sotosalbos nilikuta kundi la kondoo limejaza njia. Nilishuka, nikasimama ukutani. Mwenye kundi alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, na mjukuu wake aliyejua Kiingereza alitufasiria. Mzee alinishukuru kwa kushuka, kisha akaniambia kwamba kushuka kwangu si adabu tu, ni sheria. Nami baadaye nilihakikisha kwamba ndivyo ilivyo. Sheria namba 3 ya mwaka 1995 yaruhusu watu kupita katika njia hizo kwa miguu, kwa farasi, na kwa vyombo visivyo na injini, ila mnyama ndiye wa kwanza. Tena yasema kwamba njia hizo ni mali ya umma: haziwezi kuuzwa, wala kukamatwa kwa deni, wala mtu hawezi kuzidai ati kwa kuwa amelima hapo miaka mingi. Njia zote pamoja za nchi nzima zakadiriwa kuwa kilomita 125,000.

Mzee yule aliniuliza, "Je, mwanangu, huko kwenu wanyama wana njia?"

Nikamjibu, "Wanazo, mzee, lakini nyingi hazina alama."

Akatikisa kichwa, akasema, "Basi hiyo ni ruhusa ya jirani, na jirani hufa."

Neno hilo nililibeba hadi Pedraza. Kijiji hiki kimejengwa juu ya mwamba, kimezungukwa na ukuta, na lango lake ni moja tu. Juu ya lango palikuwa na gereza. Katika ngome yake walizuiliwa kwa muda wana wawili wa Francis I, Mfalme wa Ufaransa, kabla ya kuachiliwa mwaka 1530. Nyumba kubwa za uwanjani, zenye ngao za ukoo mlangoni, zilijengwa na watu waliotajirika kwa sufu. Leo wenyeji hawafiki 500, na siku za Jumapili uwanja hujaa watu wa Madrid wanaokuja kula nyama ya mwana-kondoo iliyookwa katika tanuru ya kuni.

Lakini haifai kuwasifu wafugaji peke yao. Nikitazama ngao zile niliwaza pia habari za mkulima wa siku zile. Chama cha Mesta kilikuwa na nguvu mno. Kilikuwa na mahakimu wake waliozunguka nchi, na mfalme alikipendelea kwa sababu kodi ya kondoo ilimjazia hazina. Mwaka 1501 ilitolewa amri iliyowapa wafugaji haki ya kudumu katika malisho waliyokuwa wakiyatumia, na mkulima aliyetaka kulima zaidi alizuiliwa. Katika karne ya 18 watu wenye elimu, kama Campomanes na Jovellanos, waliandika kwa ukali kwamba kilimo chadidimia kwa sababu ya upendeleo huo. Mwaka 1836 Mesta ikavunjwa. Wakati huo merino wenyewe walikuwa wamekwisha kutoka nje: Saxony ilipata kundi mwaka 1765, Ufaransa mwaka 1786, na baadaye wakaenea Australia, hata wakafika katika nyanda za juu za Kenya. Mesta ilikufa, na dhuluma yake ikafa nayo, njia zilibaki. Hapo pana fundisho, kwamba upendeleo na njia si kitu kimoja.

Siku ya mwisho nilifika Prádena, kijiji cha wachungaji wa zamani. Baada ya reli, na kisha malori, kondoo wachache tu ndio waendao kwa miguu, na vijana wengi wa vijiji hivi walihamia mijini katika miaka ya 1950 na 1960. Kuna nyumba nyingi ambazo madirisha yake hufunguliwa mwezi wa Agosti tu. Hata hivyo njia hazikusahauliwa. Tangu mwaka 1994 wachungaji hupitisha kondoo katikati ya mji wa Madrid wakati wa vuli, na huilipa serikali ya mji sarafu 50 za kale kwa kila kondoo elfu, kufuata mapatano ya mwaka 1418. Watu hucheka na kupiga picha, lakini aliyelipa ushuru wa njia amekumbusha kwamba njia ipo. Na mwaka 2023 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo ya kuhamisha mifugo, ya Hispania na ya nchi nyingine kadha, katika urithi wa wanadamu.

Mahali pasipoangaliwa mambo yalikwenda vingine. Kando ya Madrid, Cañada Real Galiana ilijengwa nyumba moja baada ya nyingine, hata maelfu ya watu wakawa wanakaa juu ya njia ya kondoo kwa urefu wa kilomita kama 14. Mwaka 2011 sheria ya jimbo iliondoa kipande hicho katika hesabu ya njia za wanyama, na mwezi wa Oktoba 2020 jamaa wengi humo walikatikiwa umeme, wakaingia katika baridi ya Castilla bila moto wa kutosha. Sasa kumwondoa maskini ni taabu, na kumwacha ni taabu. Taabu hiyo ilianza siku ile nyumba ya kwanza ilipojengwa na hakuna aliyesema neno.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tumewahi kukaa katika baraza la ugomvi wa mfugaji na mkulima, na twajua kwamba kila mmoja huja na ushahidi wa babu yake. Mababu hawawezi kuitwa kutoa ushahidi, bali jiwe laweza. Kijiji chenye njia ya wanyama, au ya kwenda mtoni, kisingoje ugomvi. Na wakae pamoja wenye plau na wenye fimbo wakati wa amani, waipime, waandike, waweke mawe, kisha kila mwaka waende kwa miguu toka mwanzo hata mwisho kuyahesabu. Kazi hiyo ni ya siku moja tu. Wale wa Castilla waliifanya, na baada ya miaka 750 mgeni wa mbali hupita hapo na baisikeli yake, akashuka ili kondoo watangulie.