Barua kwa Mjukuu: Utaratibu wa Wema Mdogo

Mjukuu wangu,



Huduma ya Kikristo ya kila siku ni msaada mdogo ambao mwamini humpa mtu aliye karibu naye, kwa nguvu zake mwenyewe na kwa vitu alivyo navyo nyumbani, bila kudai malipo. Orodha yake inayojulikana zaidi imo katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, pale Yesu anapoeleza hukumu ya mwisho. Yanatajwa mambo sita: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi, kumtazama mgonjwa na kumwendea mfungwa. Baadaye Kanisa liliongeza la saba, kuzika wafu, kwa kufuata mfano wa Tobiti katika kitabu chenye jina lake. Hayo huitwa matendo ya huruma ya kimwili. Yapo mengine saba ya kiroho, kama vile kumfariji mwenye huzuni, kumvumilia msumbufu na kumsamehe aliyekosa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai cheo au utajiri, na kwa sababu hiyo wengi huyaona mepesi. Ugumu wake hujitokeza pale yanapotakiwa kufanywa kwa wakati, kwa namna inayomfaa mhitaji, na kurudiwa juma baada ya juma. Huruma peke yake haifikishi huko. Inahitaji utaratibu.

Waamini wa kwanza walilijua hilo mapema. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inaeleza manung'uniko yaliyozuka Yerusalemu kwa kuwa wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuishia kuwahimiza watu wapendane. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, Stefano akiwamo, wakakabidhiwa kazi hiyo. Katika sura ya 9 anatajwa Tabitha wa Yafa, aliyeitwa pia Dorkasi. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao. Huduma yake yote ilikuwa sindano, uzi na muda wake.

Mfano wa Msamaria mwema katika sura ya 10 ya Luka nao umejaa mambo ya kiutendaji. Msamaria alitia mafuta na divai kwenye majeraha, akayafunga, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumuuguza. Kesho yake alimpa mwenye nyumba dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kisha aliendelea na safari yake. Alitoa alichokuwa nacho, akamwachia kazi mtu aliyekuwa na nafasi ya kuifanya, na akapanga kurudi kufuatilia. Mambo hayo matatu yanatosha kuwa kipimo cha msaada wowote.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi haja ya utaratibu kilitokea Ufaransa mwaka 1617. Padre Vinsenti wa Paulo alikuwa paroko wa mji mdogo wa Châtillon. Jumapili moja ya mwezi Agosti aliarifiwa kwamba familia moja nje ya mji imeugua nyumba nzima, na hakuna wa kuwapa hata maji. Aliwaeleza waamini kanisani. Alasiri alipokwenda mwenyewe kuwaona, alikuta njia imejaa watu, wengine wakienda na vyakula, wengine wakirudi. Chakula kilichofika siku ile kilizidi kile ambacho wagonjwa wangeweza kula kabla hakijaharibika, na siku za mbele wangebaki na njaa kama mwanzo. Siku chache baadaye Vinsenti aliwakusanya wanawake wa mji, wakakubaliana kupeana zamu.

Kanuni walizojiwekea hazikuacha jambo. Mwenye zamu alipika, akapeleka chakula, akamsalimu mgonjwa kwa uchangamfu, akamwandalia na kumhimiza ale. Alianza na wagonjwa waliokuwa na mtu wa kukaa nao, akamalizia na walio peke yao, ili hao wa mwisho aweze kukaa nao kwa muda mrefu zaidi. Mpango huo wa zamu ulizaa vyama vingi vya huduma. Mwaka 1633 Vinsenti na Luisa wa Marillac walianzisha shirika la Mabinti wa Upendo. Miaka 200 baadaye, mwaka 1833, Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake wa Paris walianzisha chama cha walei kilichochukua jina la Mtakatifu Vinsenti, na kazi yake kuu ikawa kuwatembelea maskini majumbani mwao.

Afrika Mashariki ina chombo chake cha kazi hiyo: jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu Wakatoliki wa kanda hii, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976. Jumuiya huunganisha familia za jirani zinazokutana kila juma, kwa kawaida katika nyumba ya mmoja wao, kusoma Neno la Mungu, kusali na kupanga shughuli. Faida yake kubwa katika huduma ni kwamba watu wanajuana. Mwenyekiti wa jumuiya hujua ni mlango gani haujafunguliwa tangu juzi, mtoto yupi amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na mama yupi anakaribia kujifungua huku mumewe yuko safarini. Kijana anayehudhuria jumuiya huipata orodha ya wahitaji bila kuitafuta mbali. Kinachobaki ni kujitolea zamu.

Katika matendo yote, kumtazama mgonjwa ndilo linalotokea mara nyingi zaidi, na ndilo linaloharibiwa kirahisi. Katika hospitali nyingi za Tanzania ndugu ndio wanaomletea mgonjwa chakula, kumfulia na kumwogesha, kwa kuwa wauguzi wachache wanahudumia wodi nzima. Mgonjwa asiye na ndugu mjini huyakosa hayo hata kama dawa zipo. Mtu mwenye busara huuliza kwanza mgonjwa ameruhusiwa kula nini. Mwenye kisukari hapelekewi soda, na anayesubiri upasuaji huenda amekatazwa kula kitu chochote. Uji kwenye chupa ya chai, maji ya kunywa, sabuni na kanga safi hufaa mara nyingi kuliko zawadi ya gharama. Mazungumzo huwa mafupi. Habari za waliokufa kwa ugonjwa uleule hazisimuliwi, wala mgonjwa hashauriwi aache dawa za daktari anywe mizizi. Sala husemwa kwa sauti ya chini na kwa ridhaa yake, maana wa kitanda cha pili huenda ndiyo kwanza amepata usingizi. Asisahauliwe anayeuguza. Kumpokea usiku mmoja ili akaoge, alale na kuwaona watoto wake ni msaada ambao wageni wengi hawaufikirii.

Huduma nyingine kwa wagonjwa ni kuchangia damu. Nchini Tanzania mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Chupa moja huchukua takribani mililita 450. Damu iliyohifadhiwa kwenye jokofu hudumu wiki chache tu, kwa hiyo hospitali huhitaji wachangiaji wanaorudi, si umati wa siku moja. Anayeipokea, awe mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, kwa kawaida hatamjua aliyeitoa.

Katika msiba, siku za kwanza watu hawakosekani. Turubai hufungwa, viti huja, daftari la rambirambi hufunguliwa. Kazi zinazokosa watu ni zile za nyuma ya nyumba: kuchota maji, kupasua kuni, kuosha masufuria, kuwalaza watoto wa wafiwa. Kijana anayezishika hizo bila kutumwa amefanya kazi kubwa kuliko anayekaa mbele akiongoza nyimbo. Baada ya kuanua tanga watu hutawanyika, na hapo ndipo shida za mjane huanza kuhesabika. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili), muhtasari wa kikao cha ukoo, na pengine kufungua shauri la mirathi mahakamani, huku akili yake haijatulia. Mtu wa kumsindikiza ofisini, kumjazia fomu kwa usahihi na kumtunzia nakala za karatasi ni wa thamani katika majuma hayo. Hali kadhalika anayekumbuka kwenda kumsalimu mwezi wa pili na wa tatu, wakati simu za pole zimekwisha.

Wazee wanaoishi peke yao wana mahitaji madogo yasiyokwisha. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuitoa bombani hadi nyumbani. Ndoo mbili kila asubuhi humtosha kwa kupikia na kunawa. Wengine huhitaji kusomewa ujumbe wa simu, kusindikizwa kliniki, au kuzibiwa bati linalovuja kabla ya masika. Katika mambo ya fedha za simu inatakiwa hadhari: msaidizi mwaminifu haombi namba ya siri, humwelekeza mzee aibonyeze mwenyewe, na mbele ya mtu mwingine wa nyumba ikiwezekana. Utaratibu huo humlinda mzee, na humlinda msaidizi pia na tuhuma.

Matendo ya kiroho huanzia kwenye ulimi. Kumsikiliza mwenye huzuni hadi mwisho, bila kumkatiza kwa kisa chako, ni huduma kamili. Kukataa kusambaza umbea kuhusu binti aliyepata mimba shuleni au kijana aliyetoka gerezani ni namna ya kumkaribisha mgeni, kwa sababu watu hao mara nyingi hurudi katika kijiji kilichokwisha kuwahukumu. Salamu ya kawaida, mwaliko wa kuimba tena kwaya, au kibarua cha siku moja shambani huwarudishia nafasi yao kati ya watu.

Namna ya kutoa ina uzito sawa na kitu chenyewe. Sura ya 6 ya Mathayo inaonya dhidi ya kutoa sadaka kwa kujionyesha, na onyo hilo linahusu simu za leo moja kwa moja. Mhitaji hapigwi picha akipokea kilo mbili za unga ili picha iwekwe hadharani. Watoto wake watakutana na picha hiyo shuleni. Mchango wa karo hupelekwa kwa mzazi faraghani. Nguo za mitumba zinazotolewa huwa zimefuliwa na vifungo vyake vipo. Wala msaada hauwi chambo cha kumvuta mtu abadili dini. Wasamaria na Wayahudi hawakuchangamana, na bado Msamaria ndiye ambaye Yesu alimtoa kuwa mfano. Jirani Mwislamu huuguziwa, huzikiwa na hupelekewa futari kwa heshima ileile, na desturi zake za chakula na mazishi hufuatwa nyumbani kwake.

Huduma ina mipaka pia. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inamlaumu vikali asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo kijana anayesifiwa parokiani huku bibi yake akipika peke yake kwenye moshi ameanzia mahali pasipofaa. Sura ya 6 ya Wagalatia inaagiza watu wachukuliane mizigo, na papo hapo inasema kila mtu atabeba furushi lake. Mgonjwa hupikiwa, mwenye nguvu hupewa mbegu, kazi au maelekezo. Fedha za ada hazikopeshwi kwa huruma, kwani mkopo usiolipwa huvunja masomo na urafiki kwa pamoja. Asiyekuwa na fedha hana sababu ya kuona aibu: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na anayeombwa jambo asiloliweza husema hivyo mapema, ili mhitaji apate muda wa kutafuta mwingine.

Anayeanza hafanyi yote. Huchagua tendo moja, mtu mmoja na siku moja ya juma, kama vile maji ya mzee kila Jumamosi asubuhi, na hulishika hilo kwa miezi kadhaa kabla ya kuongeza jingine. Akisafiri, hutafuta wa kushika zamu yake na kumjulisha mzee jina la atakayekuja.

Ni mimi babu yako.