Waya wa Ardhi Tulioukata

Mwaka huu tunakiri kosa letu sisi walimu.

Spika za madrasa zilikuwa zikivuma kila tukiziwasha. Ampilifaya ilikuwa ofisini, mixa ukumbini, kila moja na soketi yake. Tukashauriwa kukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Tukakata, mvumo ukaisha, tukafurahi. Siku ya mazoezi ya Maulid, mtoto aliye pekupeku, miguu ingali na maji ya udhu, alishika maikrofoni akapigwa shoti akaanguka. Alhamdulillah aliinuka salama. Sisi tulitetemeka hadi Isha.

Aliyetufumbua macho ni mwanafunzi wetu wa zamani, anayesomea elektroniki chuoni. "Maalim," alisema kwa adabu, "ardhi ya ofisini na ya ukumbini si moja. Zinapishana volti kidogo, umeme ukapita kwenye waya wa sauti. Ndio mvumo ule." Alifunga plagi mpya, akachomeka mashine zote mbili mahali pamoja. Kimya.

Tulimwuliza kajifunzia wapi. Akasema: katika somo la kubuni chipu za redio, kama zilizomo ndani ya simu.

Huko kosa ni lile lile, ila kali zaidi. Mhandisi huchora alama ya ardhi na kuihesabu sifuri. Kumbe chipu huunganishwa na ardhi kwa vijiwaya vyembamba. Kijiwaya cha milimita 1, katika gigahetsi 2.4 za Wi-Fi, huzuia umeme kwa takriban omu 15. Kwa umeme wa nyumbani wa hetsi 50 hakizuii cha kutajika. Basi ardhi ya chipu hupanda na kushuka, na saketi mbili zinazoishiriki huingiliana, kama ofisi na ukumbi wetu.

Waya nao una habari yake. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na miaka 16, aliandika katika karne ya 19 milinganyo ya nyaya za telegrafu: umeme husafiri humo kama wimbi, na mwisho wa waya usipolingana nao, wimbi hurudi kama mwangwi. Milinganyo hiyo hiyo hutumika kwenye chipu. Katika gigahetsi 60, wimbi ndani ya chipu lina urefu wa kama milimita 2.5 tu, hivyo hata nusu milimita ya waya ni safari. Tena waya hauhesabiwi peke yake. Huhesabiwa pamoja na njia ya umeme kurudi.

Plagi mpya ziligharimu pungufu ya soda za Maulid. Mtoto yule alisoma qasida yake, lakini alikataa kushika maikrofoni. Tulimshikia.