Soseji ya Ng'ombe wa Majani

Jamaa wengi mmeniuliza namna ya kuweka na kupika soseji ya ng'ombe tunayogawana hapa Alexandria. Naona afadhali niandike mara moja kuliko kujibu simu kila Jumamosi.

Soseji ya asubuhi ya Wamarekani kwa kawaida ni ya nguruwe. Hata iliyoandikwa kuwa ya ng'ombe huweza kuwa imejazwa katika utumbo wa nguruwe, basi someni karatasi yote, si jina la mbele tu. Mama mkwe wangu alikaa miezi akinywa chai kwa mkate mkavu, hataki hata kusogezewa sahani. Hakubishana na mtu. Aliacha tu kula. Mwishowe tukaanza kusaga wenyewe nyama tunayojua imechinjwa vipi, tukatia thomu, bizari nyembamba na pilipili manga, tukaibana bapa kama kababu, bila utumbo wowote. Siku hiyo alikula tatu.

Ng'ombe wa majani si mgeni kwetu. Yule wa kwetu mwenye nundu alijilia nyasi mpaka siku ya kisu. Hapa wengi hunenepeshwa kwa nafaka miezi ya mwisho, kwa hiyo katika soko la Jumamosi la mji huu, ambalo lilianza mwaka 1753, muulizeni mkulima: majani mpaka mwisho? Kisha muulizeni nani alichinja. Mafuta ya ng'ombe huyu huwa na umanjano, tena ni machache, na nyama hukauka upesi. Pakeni kikaango mafuta kidogo, moto uwe wa wastani, wala msiibonyeze kwa mwiko. Rangi hudanganya, kima huweza kuwa kahawia nje na ndani hakijaiva. Chomekeni kipimajoto katikati: nyuzi 160 za Fahrenheit, yaani 71 za Selsiasi.

Kwenye friji, nyuzi 40 za Fahrenheit au chini yake, soseji mbichi ni ya siku moja au mbili. Iliyopikwa, siku tatu hadi nne. Zaidi ya hapo ni friza, nayo itumike ndani ya mwezi mmoja au miwili ladha isipungue. Fungeni kwa mlo mmoja mmoja, andikeni tarehe, na iyeyukie ndani ya friji usiku, si juu ya meza.

Usiku wa tarehe 29 Juni 2012 dhoruba ya upepo ilikata umeme sehemu kubwa ya Virginia, tena katika joto kali. Fungu letu la ng'ombe lilikuwa limeingia friza wiki ileile. Friza iliyojaa isipofunguliwa hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Tuliufunga mlango kwa kamba, watoto wasiguse. Ami yao alitaka tufungue tunuse. Lakini pua haioni vijidudu! Siku ya pili jioni tulifungua: zilizokuwa bado na chembe za barafu tulizipika zote kwa mkaa uani, na majirani wakaja na sahani zao. Zilizolainika na kupata joto tulizitupa, na Ami akanuna siku nzima.

Wenye kutaka fungu safari hii walete sanduku la barafu. Mifuko ya plastiki sipokei.