Wamama wa Kipendano kwenye Maji ya Lufira

Kama mnakaa Likasi, samaki wa Kapolowe mnamjua. Anafika sokoni asubuhi ndani ya kitunga, mbichi ao wa kukauka, na kila mama yuko na neno la kusema juu ya bei yake. Lakini ni wangapi kati yenu wamekwisha kuona maji anamotoka? Wamama wa Kipendano wa kanisa letu waliuliza ulizo hilo siku moja kisha maombi, na safari ikazaliwa pale pale.

Wababa wengine walinung'unika. Walisema makuta ile ingelipa masomo ya watoto, na neno hilo si la kuchekelea. Lakini wamama walichanga kidogo kidogo muda wa miezi sita, wakiuzisha vitumbula na makala, na sanduku la kanisa hawakuligusa. Tena mama anayeamka mbele ya jogoo na kulala nyuma ya watu wote, siku yake ya kupumzika iko wapi? Someni Marko 6, muone namna Bwana Yesu alivyowatoa wanafunzi wake kando ya watu, kwa sababu hata nafasi ya kula hawakuipata. Mama wa kambi anaelewa mstari ule bila mahubiri.

Tulipanda kamyo kwa njia ya Lubumbashi, wamama wote na kikwembe cha namna moja, nyimbo toka Likasi mpaka mwisho. Kwenye Kapolowe-Gare tuliacha barabara kubwa, tukashuka kuelekea ziwa Tshangalele. Wamama wa huko walikuwa wanatungojea na bukari, sombe na samaki mkubwa kuliko tuliyemzoea. (Samaki mzuri, kumbe, haufiki Likasi wote!)

Hapo ndipo kulipotokea jambo. Mama mmoja wa Kapolowe alisimama na sahani mkononi, akamwangalia mgeni wake sana, akalia: “Ah, yaya! Kumbe njo wewe unanikataliaka bei kila siku!” Wote wakacheka mpaka machozi. Miaka mingi wawili hao walijuana kwa kugombana tu juu ya kitunga, hakuna aliyejua jina la mwenzake wala kwamba wote wawili ni wajane. Usiku walilala mkeka mmoja.

Kesho yake tulienda Mwadingusha. Vijana, sikieni vizuri: ziwa lile halikuwa pale tangu mwanzo. Watu walifunga mto Lufira juu ya maporomoko yake, maji yakarudi nyuma na kufunika bonde, na mwaka 1930 kiwanda cha umeme kikaanza kazi. Maji yanashuka zaidi ya mita 100 ndani ya mabomba makubwa na kuzungusha mashini. Kazi yake ilikuwa kulisha viwanda vya shaba. Mwaka 1950 wakaongeza kiwanda kingine chini yake, ndicho Koni. Mashini za Mwadingusha zilichoka, zikatengenezwa upya, na tangu mwaka 2021 kina nguvu ya megawati 78, umeme unaosaidia machimbo ya Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi. Wamama walisimama mbele ya maji yale, hata wenye maneno mengi wakanyamaza. Lakini nyumba tuliyolala Kapolowe ilikuwa na taa ya mafuta. Mmoja wetu aliuliza, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Ulizo la nguvu zaidi lilitoka kwa mama mzee, muuzishaji wa samaki, tulipokaa tena kando ya ziwa. Alisema: “Mto Panda unapita kwenu Likasi, na maji yake njo inakuja huku. Munatutumiaka nini ndani?” Hakusema kwa hasira. Ni kweli, Panda inapita karibu na viwanda vya shaba na kuchukua uchafu wao mpaka Lufira na ziwa. Mwaka 2010 wenye elimu, kati yao wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walitangaza kwamba madini yalionekana ndani ya majani ya maji na samaki wa bonde la Lufira ya juu. Mama mzee hakusoma karatasi ile. Yeye anaona nyavu.

Wamama wetu walitazamana. Bwana wa mmoja anafanya kazi kiwandani; mshahara wake ndio unaonunua samaki. Akasema polepole: “Mama, siye pia tunakula ule samaki.” Kisha wakaomba pamoja, na maombi yale yalikuwa marefu, bila kelele.

Wakati wa kurudi karibu wote walilipa samaki bei iliyotajwa. Mmoja tu aliendelea kubishana mpaka dereva akawasha kamyo; ni yule mjane, na rafiki yake mpya alikuwa anamjibu kwa furaha.

Sasa wamama wa Kapolowe ndio wanaochanga, waje kwetu mbele ya mvua. Tuliwauliza watapenda kuona nini Likasi. Tulifikiri watataja maduka ao kanisa kubwa. Wameomba wapelekwe kwanza kwenye Panda, pale inapotoka viwandani.