Mzigo wa Kurudi

Nilipotunukiwa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, nilisogea mbele ya mkuu wa sherehe nikiwa nimeinamisha kichwa, naye akanigusa utosini kwa kofia nyeusi ya kale. Ndiyo desturi ya pale. Wahitimu huguswa kwa kofia hiyo katika ukumbi wa McEwan, uliofunguliwa mwaka 1897, na wenyeji husimulia kwa mzaha kwamba kitambaa chake kilikatwa kutoka suruali ya John Knox, mhubiri mkali wa karne ya 16. Nilipomhadithia mjomba wangu kisa hicho, tumekaa barazani kwake Ng'ambo ya Tabora, alicheka hata akakohoa. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Na baada ya kuguswa na hiyo suruali, mwanangu, umerudi na nini?"

Swali hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, na kurasa hizi ni jaribio la kulijibu.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, lakini mama yangu ni mtu wa Tabora. Ng'ambo nimezijua mbili: ile ya mjini kwetu, inayotazamana na Mji Mkongwe, na ile ya Unyanyembe, ambako reli ilifika mwaka 1912 na kuwatua wapagazi mizigo yao. Babu yake mjomba alikuwa mmoja wa wapagazi wa mwisho kabla ya reli. Alishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, akapanda na majora ya nguo, mzigo wa frasila mbili begani, yaani kilo zaidi ya 30, kwa mwendo uliochukua miezi. Alizijua nyimbo za kuamshia msafara alfajiri, nyimbo za kupandia vilima, na nyimbo za kuwasuta matajiri waliopunja posho. Mjomba alizirithi kwake. Kila alipokuja Unguja kumtazama dada yake alituimbia sisi watoto usiku, na nilipokua nikazirithi kwa mjomba. Kisha nikazifanya tasnifu.

Edinburgh nilikaa miaka minne. Ni chuo cha umma chenye wanafunzi zaidi ya 40,000, na majengo yake yametapakaa mjini hata mgeni hajui chuo kinakwisha wapi na mji unaanzia wapi. Bahari iko karibu, na ukungu wake huingia mitaani pasipo hodi. Mtu wa kisiwani huinusa chumvi akakumbuka kwao, ingawa baridi humkumbusha upesi kwamba hayuko kwao. Nilishinda katika maktaba kuu ya George Square, iliyofunguliwa mwaka 1967, na jioni nilihudhuria semina katika Kituo cha Taaluma za Kiafrika, kilichoanzishwa mwaka 1962. Huko kila mwanafunzi huweka maandiko yake mezani, na wenzake huyachambua mbele yake. Mara ya kwanza nilirudi chumbani nimevunjika moyo. Mara ya tatu nilielewa kwamba kukosolewa hadharani ni heshima, kwa sababu waliokukosoa wamekusoma. Ni kama malenga wetu wanaojibizana kwa mashairi: asiyejibiwa ndiye aliyedharauliwa. Walimu wangu walinitendea wema, nami sina lawama kwao. Lawama niliyo nayo ni yangu mwenyewe.

Nilikwenda Tabora na nakala ya tasnifu iliyojalidiwa kwa jalada gumu, jina la mjomba limepigwa chapa katika ukurasa wa shukurani. Alilipapasa jina lake kwa kidole, akafurahi. Kisha akanirudishia kitabu, akasema: "Nisomee."

Nikafungua sura ya kwanza. Sentensi ya kwanza niliifasiri kwa taabu. Katika ya pili nilikwama kwenye neno la nne. Nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza mambo niliyoelezwa kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi, na sasa sikuweza kuyarudisha yalikotoka. Niliyapindua maneno, nikaongeza, nikapunguza, na mzee akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto akihangaika na kamba ya kisima. Mwishowe akaniuliza nyimbo ziko wapi. Nikamwonyesha: ziko nyuma kabisa, katika kiambatisho, kwa herufi ndogo. Akatikisa kichwa. "Mimi nilidhani nyimbo ndizo zitakazotangulia, wewe ufuate."

Msomaji aijuaye misafara ya zamani ataona uzito wa kauli hiyo. Aliyetangulia msafara ni kirangozi, naye ndiye aliyeijua njia. Tajiri mwenye mali alikuja nyuma.

Siku ya pili tulikwenda Kwihara, kulikohifadhiwa lile tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Miembe ingali imesimama kandokando ya njia za huko, na vivuli vyake ni vya ukarimu. Tulipopumzika chini ya mmoja wao nilianza kuhesabu wasomi waliopita Unyanyembe kutafuta maarifa. Burton na Speke waliingia hapa Novemba 1857, baada ya kusafiri zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyependa vitabu, naye ndiye aliyemsaidia Burton katika lugha ya Kinyamwezi na kumweleza habari za maziwa na nchi za mbali. Burton aliandika kitabu akasifiwa London. Darasa lilikuwa baraza la Snay.

Au mtazame Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyesoma jiolojia katika chuo hichohicho cha Edinburgh. Mwaka 1879 alitumwa barani akiwa msaidizi wa Keith Johnston. Johnston akafa njiani, huko Behobeho, na kijana wa miaka 21 akabaki na msafara mzima mikononi. Aliyemvusha ni Chuma, yule ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, tena walipofika Unyanyembe wakakataa shauri la Cameron kwamba wamzike hapo. Chuma alijua jinsi ya kupatana hongo, kugawa posho, kutuliza wagomvi na kusoma dalili za kiu. Thomson alifika Ziwa Tanganyika, akarejea pwani kwa njia ya Tabora mwaka 1880, akaandika kitabu. Ukiniuliza mimi, mwaka ule Chuma alikuwa profesa na Thomson mwanafunzi wake.

Sisi wa Unguja tunaye mwingine. John Kirk alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1854, akaja kwetu mwaka 1866, akawa balozi mdogo wa Uingereza mwenye nguvu nyingi. Ni yeye aliyemshurutisha Seyyid Barghash kutia saini mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Nalitaja hilo kwa sababu njia ya misafara haikuwa ya nyimbo tu. Ilipitisha minyororo pia, na mjomba ana wimbo mmoja ambao huuimba kwa sauti ya chini, hataki watoto wausikie. Wala mikono ya wasomi haikuwa safi yote. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Edinburgh chenyewe kilitoa ripoti ya uchunguzi wa uhusiano wake na utumwa na ukoloni. Chuo kinachoweza kujichunguza hivyo kina la kutufunza, hata kama kimechelewa.

Lakini kuna funzo lingine katika historia yake, na hilo ndilo nililolikosa kwa miaka minne niliyoishi ndani yake.

Chuo kile kilipata hati ya mfalme James wa Sita mwaka 1582, kikafungua milango mwaka 1583. Vyuo vitatu vya Uskoti vilivyokitangulia vilitokana na baraka za Papa. Hiki kilisimamishwa na baraza la mji, kikaitwa chuo cha mji. Hapo mwanzo mwalimu mmoja alilichukua kundi la wanafunzi na kulifundisha masomo yote mpaka miaka minne iishe, kama shehe wetu na wanafunzi wake, na utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1708. Na lugha ya darasani ilikuwa Kilatini. Mtoto wa Edinburgh alinunua samaki kwa Kiskoti, akagombana kwa Kiskoti, akaingia darasani akageuka bubu mpaka akipate Kilatini.

Kisha kukatokea mabadiliko. Alexander Monro, aliyepewa uprofesa wa anatomia mwaka 1720, aliamua kufundisha kwa Kiingereza. Kitivo cha tiba kilianzishwa mwaka 1726, na katika karne hiyo chuo kikavuma, wanafunzi wakavuka bahari kukijia. Sisemi kwamba kuacha Kilatini kulileta yote hayo peke yake. Kilatini chenyewe kiling'ang'ania, na tasnifu za udaktari ziliendelea kuandikwa kwa lugha hiyo hata karne ya 19 ilipoingia. Nasema tu kwamba chuo hakikuporomoka kwa kufundisha kwa lugha iliyosemwa mitaani. Wale waliohofia kwamba elimu itashuka hadhi walikuwa wamekosea.

Aliyelifahamu jambo hilo mapema alipita Tabora kabla yangu. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937, shule iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Baada ya Makerere alirudi mjini humo kufundisha katika shule ya St. Mary's tangu 1946 hadi 1949, ndipo akaenda Edinburgh. Alisoma huko uchumi, historia, falsafa na fasihi ya Kiingereza, akaandika insha juu ya tatizo la rangi katika Afrika Mashariki, akahitimu mwaka 1952. Mengine ya siasa yanajulikana. Mimi hukumbuka zaidi kwamba mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye kila upungufu, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari, na mwaka 1969 akairudia kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule akatoa Mabepari wa Venisi. Rais anapata wapi nafasi ya kuhesabu mizani? Nadhani aliipata kwa sababu aliliona kuwa deni. Alikuwa amekula posho ya chuo cha ng'ambo, na mpagazi mwaminifu harudi mikono mitupu. Alikileta kitu kizito kuliko vyote alivyovikuta kule, akakitua mbele yetu kwa lugha yetu, tukione kwamba Kiswahili kina bega la kukibeba.

Mimi nilifanya kinyume. Nilichukua mzigo kwetu nikaushusha kwao, na nilipopanda kurudi sikubeba chochote isipokuwa jalada. Wala siko peke yangu. Ukiacha idara za Kiswahili, ambazo zimethibitisha kwamba tasnifu huandikika kwa lugha hii, vyuo vyetu vingali vinafundisha kwa Kiingereza, na mtafiti huhojiana na mkulima kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza, asirudi tena kwa mkulima. Sikidharau Kiingereza. Kimenipa marafiki, vitabu na ugali. Ila mwenye wimbo akishindwa kusomewa habari za wimbo wake, mwandishi ana la kujibu.

Jioni ya mwisho barazani nilimwambia mjomba kwamba nitaiandika upya kwa Kiswahili. Hakunisifu. Aliniuliza nitaanza na nini. Nikasema nitaanza na nyimbo. Akaniamuru niimbe ule wa alfajiri, nikauimba, akanikatiza mara tatu. Mahali nilipoandika katika tasnifu kwamba wapagazi wanaomboleza umbali wa safari, kumbe walikuwa wanamcheka mpishi aliyeunguza ugali. Waliopima kazi yangu hawakuliona kosa hilo. Wangelionaje? Mtu pekee aliyeweza kuliona hakuweza kuisoma.

Sura ya kwanza niliimaliza Unguja baada ya miezi saba. Neno lile la nne nililihangaikia wiki mbili, mpaka nikagundua kwamba kwa Kiswahili halihitaji neno moja, linahitaji kisa kizima, na kisa chenyewe mjomba alikwisha kunipa. Nilimsomea kwa simu, jioni nne mfululizo. Ya pili ilichukua mwaka, naye akaisahihisha vilevile, sikio kwenye simu, mjukuu akimshikia.

Juzi alipiga mwenyewe. Sauti yake imedhoofika, na baina ya maneno husikika pumzi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mama na bei ya samaki. Kisha akaniuliza sura ya tatu imefika wapi. Nikamwambia iko njiani. Akasema njia hiyo anaijua urefu wake, nisimdanganye, nikaze mwendo.

Nimekaza mwendo.