Zamu ya Machela

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 nchi nzima. Hesabu hiyo niliisoma nikiwa mtu mzima, wala haikunishtua. Kwetu Umatengo, katika milima ya Mbinga, hata miaka ya sabini daktari mwenye shahada alikuwa mtu wa kusikika tu, kama waziri. Tuliyekuwa naye ni mganga msaidizi wa zahanati, kijana aliyemaliza darasa la saba akasomea kazi hiyo miaka mitatu. Tulimwita daktari na hakuna aliyeona shida.

Zahanati ilikuwa vyumba vichache vya tofali na bati. Ndani kulikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia mabomba ya sindano, yale ya kioo, na mizani ya watoto iliyoning'inia mlangoni. Dawa zilikuwa klorokwini, aspirini, penisilini na ile dawa ya zambarau ya vidonda. Siku zile serikali ilikuwa imeamua fedha za afya ziende vijijini, na mwaka 1973 redio ilitufundisha kuchimba vyoo kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu kama milioni mbili waliingia katika vikundi vya kusikiliza. Baba alikuwa mmojawapo, akachimba shimo refu kuliko la jirani yake kwa makusudi.

Vyote hivyo vilisaidia. Kilichobaki ni mlima. Pale zahanati hapakuwa na upasuaji wala damu ya kuongezewa. Kwa hayo ilibidi mgonjwa afike hospitali ya misheni kule Litembo. Kiangazi kuna lori la kahawa, ukibahatika. Masika lori halipandi, udongo mwekundu unateleza, na mtoni huna hakika ya daraja. Kuugua Julai na kuugua Machi yalikuwa magonjwa mawili tofauti.

Kwa hiyo palikuwa na machela: mianzi miwili, blanketi lililofungwa kwa kamba, na wanaume wanne chini yake. Wengine wanne walifuata nyuma kupokezana, na mmoja alitangulia na taa ya chemli. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na daftari la zamu. Kaya isiyotoa mtu ilitozwa kuku, na kuku huyo aliliwa na waliobeba. Mkifika mpaka wa kijiji cha pili mlipiga yowe, vijana wa huko wakatoka kuwapokea. Wakichelewa mliendelea wenyewe huku mkiwatukana, kisha mnafika kwao mnasalimiana vizuri.

Machi 1978 zamu ilinikuta, ndio kwanza mabega yangu yamekubaliwa. Mama mmoja wa jirani, tuliyemwita shangazi ingawa hatukuwa ndugu, alikuwa na uchungu tangu jana yake. Wazee wa kike walisema mtoto wa kwanza ndivyo alivyo, wavute subira. Daktari alifika jioni, akaweka kile kipembe chake cha mbao tumboni akasikiliza, akapima kwa mikono, akasikiliza tena. Kisha akatoka nje kwetu sisi wanaume.

"Mtoto amekaa vibaya. Hapa hatajifungua. Ondokeni sasa, msingoje kupambazuke."

Mume alisema mvua inakuja. Daktari akamjibu, "Ndiyo maana nasema sasa." Halafu akamgeukia mkunga mzee, yule aliyekuwa akimpinga ndani, akamwambia kwa adabu, "Bibi, nisaidie, uende naye. Mimi sijui kumtuliza kama wewe." Bibi akavaa kanga ya pili akatangulia mlangoni. Madaktari bingwa nimewaona wengi tangu siku ile, na wachache wangeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi mbili.

Aliandika barua kwenye karatasi ya daftari la shule: saa uchungu ulipoanza, mapigo ya moyo ya mtoto, alichomchoma na saa aliyomchoma. Safari yenyewe nakumbuka zaidi shingo yangu kuliko kitu kingine, na sauti ya bibi akihesabu pumzi na shangazi kila tulipoteremka. Tulifika asubuhi, akapasuliwa. Mtoto hakupona. Shangazi alipona, na baadaye alizaa wawili, wote hospitalini, wote Julai. Watu walimtania kwamba anapanga mimba kwa kalenda ya kahawa. Hakukanusha.

Miaka ya themanini ilikuwa mibaya kuliko ile. Baada ya vita vya Kagera, pesa za kigeni zikiwa hakuna, kuna miezi zahanati ilikuwa na daktari na jiko la mabomba bila dawa ya kuchoma. Kisha yakaanza kuja maboksi ya dawa yaliyofungwa, kwa msaada wa Denmark, tukawa tunajua boksi limefunguliwa lini kwa kuangalia foleni. Machela iliendelea kubeba hadi pikipiki zilipojaa, na hapo ikafa kimya kimya. Mianzi ya mwisho niliiona imekuwa uzio wa banda la mbuzi.

Siku hizi kuna m-mama. Mjamzito akizidiwa unapiga 115 bure, anatafutwa dereva wa karibu aliyesajiliwa, anampeleka, naye analipwa. Mjukuu wangu alinieleza habari hiyo kama kitu kipya kabisa, kisha akaniuliza kama ni kweli zamani watu walikuwa na upendo zaidi, maana walibeba bure.

Nikamwambia upendo ulikuwepo, na daftari la balozi lilikuwepo. Kuku wa faini nilimla mara nyingi, na mwaka mmoja aliyeliwa alikuwa wa baba.